Silinda nne, lita 28: uzi maalumu wa magari ya mbio ya kale yaliyobeba majinjini

Fundi Lista:

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeukalia muda mrefu, leo naushusha. Wapenzi wa vyuma vya kale sogeeni karibu.

Naanza na nilichokiona kwa macho yangu. Juni 2015 nilikwenda Goodwood, kusini mwa Uingereza, kwenye tamasha la magari ya mbio linalofanyika huko. Mimi naishi Reading, kazi yangu ni kutengeneza malori. Nimesimama kwenye uzio pale magari yanapoandaliwa, na mbele yangu kuna gari refu jekundu, boneti inanifika kifuani, matairi membamba kama ya mkokoteni. Jamaa mmoja akazunguka mbele, akainama, akashika hendeli. Hendeli ya mkono, ile ya kuzungusha. Akaivuta, kimya. Akaivuta tena, injini ikapiga kishindo kimoja, ikatulia kama inawaza, ikapiga kingine, halafu ikashika. Mngurumo tuliouzoea haukuwepo. Yalikuwa mapigo, mazito, moja baada ya jingine, karibu uweze kuyahesabu. Ndimi za moto zikachomoza kwenye eksozi fupi pembeni ya boneti, mchana kweupe. Mapigo yale niliyapata kwenye nyayo kabla hayajafika masikioni.

Gari hilo ni Fiat S76. Wengi wanaliita Mnyama wa Turin, mji wa Italia wanakotoka Fiat. Fiat walitengeneza mawili tu, kati ya 1910 na 1911, kwa kusudi moja: kuvunja rekodi ya mwendo. Injini ina silinda nne na ujazo wa lita 28.4. Ni silinda nne, wakuu, sijakosea kuandika. Silinda moja peke yake ni lita 7 na ushee. Pistoni ina upana wa milimita 190, sawa na sahani ya kulia mkate, na inapanda na kushuka milimita 250. Chukua rula ya shule, punguza sentimita tano. Nguvu ni farasi 290, na inazitoa ikizunguka mara 1900 tu kwa dakika.

Machozi yalinitoka pale uzioni, na naomba niwaeleze sababu. Marehemu baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga kule Kilosa, inaendeshwa na Lista, ile ya kijani yenye magurudumu mawili makubwa ya chuma. Silinda moja, lita 1.4, farasi 6, mizunguko 650 kwa dakika. Tulikuwa tunaisikia tukiwa shambani: tu, tu, tu, tu. Mama alikuwa akisikia mlio umekuwa mzito anasema, "Huyo kaleta mahindi mabichi." Na kweli, tukirudi tunakuta unga umeganda kwenye mfuko. Baba alinifundisha kuiwasha nikiwa darasa la sita: fungua valvu ili hewa isigandamizwe, zungusha hendeli mpaka flaiwili ishike kasi, kisha rudisha wenzo na toa mkono haraka. Dole gumba liwe upande mmoja na vidole vyako, usilizungushie hendeli, la sivyo ikirudi nyuma inakuvunja.

Pale Goodwood yule jamaa aliposhika hendeli, niliangalia dole gumba lake. Lilikuwa upande mmoja na vidole.

Sasa fikirieni: silinda moja ya S76 inameza karibu Lista tano za baba. Na ziko nne.

Nitaendelea. Kama kuna mwenye swali aulize hapo hapo.

Mkaazi wa Thika:

Salamu kutoka Kenya. Nimesoma hadi pale pa dole gumba nikaangalia mkono wangu. Kwetu tunaiita mashine ya posho, na mjomba wangu alivunjika kifundo cha mkono hivyo hivyo. Mimi huenda Concours pale Ngong Racecourse kuangalia magari ya kale, lakini haya makubwa hivi sijawahi kuyaona. Endelea ndugu, niko hapa.

Kaka wa Kibaha:

Mkuu Fundi Lista, kwa heshima zote, mimi naona hao wahandisi walikuwa wanachoma mafuta bure. IST yangu ina injini ya 1NZ, lita 1.5, farasi 109. Piga hesabu: farasi 73 kwa kila lita. Hiyo Fiat yako ni farasi 10 kwa lita. Yaani walishindwa uhandisi wakaamua kuongeza chuma. Nisaidie kuelewa unapenda nini hapo.

Fundi Lista:

Kaka wa Kibaha, hesabu yako ni sahihi kabisa na nashukuru umeileta mapema, maana ndiyo kiini cha uzi.

Nguvu ya injini inatokana na kiasi cha mchanganyiko wa hewa na petroli unachochoma kwa dakika moja, na namna unavyoubana kabla ya kuuchoma. Kwa hiyo njia ziko tatu. Choma mwingi kwa kila pigo, maana yake silinda kubwa. Au piga mara nyingi kwa dakika, maana yake mizunguko. Au bana zaidi.

IST yako inapita njia ya pili na ya tatu. Inazunguka mara 6000 kwa sababu pistoni zake ni za alumini, nyepesi, springi za valvu hazichoki, na oili inasukumwa kwa presha hadi kwenye kila bearing. Inabana sana kwa sababu petroli ya leo inavumilia kubanwa.

Mrudishe mhandisi mwaka 1905. Pistoni ni ya chuma cha kutupwa. Ukiizungusha haraka, uzito wake wenyewe unararua konrodi, ule mkono wa chuma unaoishikilia. Springi ya valvu inakatika. Petroli ukiibana zaidi ya mara nne au tano inalipuka kabla ya wakati wake, injini inanoki mpaka inatoboa pistoni. Dawa ya kuzuia kunoki, yale madini ya risasi yaliyokuja kutiwa kwenye petroli, iligunduliwa 1921. Pistoni za alumini kwenye magari zilianza kusikika karibu na vita kuu ya kwanza; W. O. Bentley, Mwingereza aliyekuja kuanzisha magari ya Bentley, alizifunga kwenye magari ya Kifaransa ya DFP aliyokuwa anayauza, baadaye akaziingiza kwenye injini za ndege.

Njia mbili zimefungwa, imebaki moja. Wakaipita mpaka mwisho wake, na walijua wanachokifanya. Hapo ndipo ninapopenda mimi. Walikuwa na chuma kizito na mafuta dhaifu, wakauliza: kwa vitu hivi hivi tulivyonavyo, gari linaweza kwenda kasi gani?

Halafu kuna sheria. Tangu 1902 magari makubwa ya mashindano Ulaya yalibanwa kwa uzito: gari lisizidi kilo 1000. Ukubwa wa injini haukuguswa. Ukimwambia mhandisi hivyo, atakata kila kitu kingine na kuweka injini. Kachungulieni Darracq ya 1905 ya Ufaransa. V8, lita 25.4, na gari zima halifiki kilo 1000. Bodi halina kabisa. Ni reli mbili za chesisi, injini, rejeta, viti viwili na usukani. Tarehe 30 Desemba 1905 Victor Hémery alilipeleka kilomita 176 kwa saa kwenye barabara kati ya Arles na Salon. Injini hiyo hiyo ipo hadi leo Uingereza na bado inawashwa.

Kwa hiyo farasi 10 kwa lita si aibu yao. Ndiyo kilichowezekana kwa chuma cha wakati ule.

Dada Spana:

Nimekuja mbio kwenye uzi huu. Mimi ni fundi wa injini za meli, Mwanza. Pistoni ya milimita 190 naijua kwa mikono yangu. Ya kwetu tunaibeba kwa mikono miwili ukiikumbatia kifuani kama mtoto, na mwingine anakuongozea konrodi isigonge ukuta wa silinda. Ukiiangusha umeharibu wiki nzima. Sasa wewe unaniambia kitu kama hicho kilikuwa kinapanda na kushuka zaidi ya mara 30 kwa sekunde moja, mtu amekaa nyuma yake kwenye kiti cha mbao na ngozi?

Maswali yangu mawili. Silinda nne kubwa hivyo zina mtikisiko wa kutisha, gari lilikuwa linashikiliwaje pamoja? Na nguvu zile zilifikaje kwenye magurudumu? Shafti ya wakati ule ingejisokota.

Fundi Lista:

Dada Spana, nimefurahi sana umefika.

La mtikisiko: halikushikiliwa. Lilitikisika, likavunjika, likatengenezwa. Ndiyo maana magari ya mashindano yalikuwa na watu wawili, dereva na fundi wake pembeni. Fundi hakuwa abiria. Alikuwa anapampu hewa kwa mkono kwenye tangi ili petroli ifike kwenye kabureta, anapampu oili, anaangalia matairi ya nyuma, anamgusa dereva begani akiona gari linataka kupita. Ziko picha nyingi za hao mafundi wakiwa wamejikunja chini wanashughulika na kitu, gari likiwa mwendoni. Magazeti yaliandika majina ya madereva. Mimi nawatazama hawa wengine.

La pili: cheni. Giaboksi inatoa ekseli fupi yenye spoketi kila upande, na kila gurudumu la nyuma lina cheni yake, sawasawa na bodaboda ila mbili na nene kama mkono wa mtoto. Umesema kweli kuhusu shafti. Zaidi ya hapo, cheni inakupa uhuru: leo unakimbia barabara ndefu iliyonyooka, unabadilisha spoketi, kesho kuna milima, unabadilisha tena. Vijana wa bodaboda wanalijua hili bila kufundishwa.

@Kaka wa Kibaha, nikurudie, maana una hoja ambayo historia ilikuja kukupa. Mwaka 1912, mashindano makuu ya Ufaransa, Dieppe, siku mbili, zaidi ya kilomita 1500 za barabara ya vumbi. Fiat walileta S74 ya lita 14.1, mdogo wa S76. Peugeot wakaja na gari la lita 7.6, nusu yake. Lakini ndani ya ile Peugeot kulikuwa na kamshafti mbili, yaani shafti zinazofungua valvu, juu ya kichwa na valvu nne kwa kila silinda, mpangilio ule ule ulio kwenye IST yako. Siku ya kwanza ilipoisha, Mmarekani David Bruce-Brown na Fiat yake kubwa ndiye aliyekuwa anaongoza. Siku ya pili bomba lake la mafuta likakatika, akajaza petroli mahali pasiporuhusiwa, wakamfuta. Georges Boillot na Peugeot akashinda. Fiat nyingine, ya Louis Wagner, ikawa ya pili. Mwaka 1914 sheria ikasema injini isizidi lita 4.5, na kwenye mashindano makuu majitu hayakurudi tena.

Kaka wa Kibaha:

Nimekuelewa mkuu. Kwamba kamshafti mbili na valvu nne ni za 1912 sikujua, nilidhani ni za Wajapani wa juzi. Lakini ukisema majitu hayakurudi, ina maana uzi umeishia hapo?

Fundi Lista:

Hapana kaka, sasa ndiyo unaanza. Kwenye mashindano makuu hayakurudi. Kwenye rekodi za mwendo na kule Brooklands yakaongezeka.

Brooklands ni uwanja wa mbio uliojengwa Weybridge, Surrey, mwaka 1907. Njia ya zege, kingo zimeinuliwa kama pembe za bakuli, mzunguko wa kilomita 4.4. Novemba 1909 Victor Hémery, yule yule wa Darracq, alifika pale na Benz ya lita 21.5 akapita kilomita 202 kwa saa. Gari hilo likapelekwa Marekani, likaitwa Blitzen Benz, yaani Benz ya radi, na Aprili 1911 Bob Burman akalikimbiza kwenye mchanga wa Daytona kwa kilomita 228 kwa saa. Treni ya umeme ya Wajerumani ilikuwa imefika 210 mwaka 1903, na ndege za wakati ule zilikuwa mbali sana nyuma. Kwa hiyo chombo cha kasi kuliko vyote duniani kilikuwa na silinda nne na cheni mbili.

Na S76? Desemba 1913, Ostend, Ubelgiji, Arthur Duray aliipeleka karibu kilomita 213 kwa saa, upande mmoja tu. Sheria mpya ilitaka uende na urudi ndani ya muda uliowekwa, na safari ya kurudi haikukamilika. Rekodi haikuandikwa.

Kisha vita. Vita ilipokwisha, Uingereza ilijaa injini za ndege zinazouzwa kwa bei ya chuma chakavu. Vijana wenye chesisi za zamani na wazimu wa mwendo wakaanza kununua.

Mkaazi wa Thika:

Hapo sasa! Ndugu, kama ungechagua hadithi moja kati ya hizo, ungechagua ipi?

Fundi Lista:

Mephistopheles. Bila kufikiri.

Mwaka 1908 Fiat walitengeneza gari la mbio la lita 18 linaloitwa SB4, Felice Nazzaro akaliendesha Brooklands likashinda pambano dhidi ya gari la Kiingereza la Napier. Likapita mikononi mwa watu. Mwaka 1922 John Duff alikuwa analikimbiza Brooklands, injini ikapasuka, vipande vya silinda vikatoka na boneti. Gari limekufa.

Ernest Eldridge akanunua ile maiti. Akatafuta injini ya ndege ya Fiat, A12, silinda sita kwenye mstari, lita 21.7, farasi 320. Haiingii. Basi akairefusha chesisi. Cheni zikabaki zile zile za mtindo wa 1908. Mnaelewa alichokifanya? Ameweka moyo wa ndege ya vita kwenye kiunzi cha miaka 16 nyuma, breki za nyuma tu, matairi yale membamba.

Julai 1924 akaenda Arpajon, karibu na Paris. Barabara ya kawaida iliyopandwa miti pande zote mbili, ile ambayo wakulima wanapita na mikokoteni yao. Mpinzani wake alikuwa René Thomas na Delage ya V12, gari jipya, lita 10 na nusu, kazi safi ya kiwandani. Tarehe 6 Eldridge alikwenda kasi zaidi ya Thomas. Wafaransa wakaweka pingamizi: gari la Eldridge halina gia ya kurudi nyuma, na sheria inaitaka. Kweli halikuwa nayo. Rekodi akapewa Thomas.

Eldridge angeweza kurudi nyumbani kulalamika. Akatengeneza gia ya rivasi ndani ya siku sita. Sita, wakuu, mwaka 1924, ugenini, kwenye gari la cheni. Tarehe 12 akarudi barabarani na fundi wake pembeni, akapita kwa kilomita 234.98 kwa saa. Wale wanaotengeneza vitu vya chuma humu ndani wanajua siku sita hizo zilikuwaje, usiku na mchana.

Gari lipo Turin, Fiat wenyewe wanalihifadhi. Natafuta nauli.

Bwana Mdogo:

Nasoma kimya tangu mwanzo, nipo Ifakara, nasomea ufundi. Hao watu walikuwa wanakufa lakini, si ndiyo? Mwalimu wetu anasema cheni ikikatika kwa mwendo ule ni panga.

Fundi Lista:

Mdogo wangu, walikufa, na sitaki kupita juu juu hapo.

Palikuwa na kijana tajiri, Louis Zborowski, aliyekuwa anajenga magari ya injini za ndege kwenye karakana ya nyumbani kwake, Higham, karibu na Canterbury. Alianza na injini ya Maybach ya lita 23 juu ya chesisi ya Mercedes, akashinda nayo Brooklands mwaka 1921. La mwisho lilikuwa kubwa kuliko yote: injini ya Liberty ya Marekani, V12 ya lita 27. Kabla hajalimaliza sawasawa akafa kwenye mashindano ya Monza, Oktoba 1924, akiendesha gari jingine. Baba yake naye alikuwa amefia kwenye mbio, mwaka 1903.

Gari likanunuliwa kwa pauni 125 na J. G. Parry-Thomas, mhandisi mwenye asili ya Wales aliyekuwa akiishi kwenye nyumba ndani ya uwanja wa Brooklands. Akalibadilisha pistoni, kabureta, bodi, akaliita Babs. Aprili 1926, kwenye ufukwe wa Pendine, Wales, akaweka rekodi ya dunia mara mbili ndani ya siku mbili. Ya pili kilomita 275 kwa saa. Malcolm Campbell akaivunja Februari 1927 kwenye ufukwe huo huo. Parry-Thomas akarudi Pendine tarehe 3 Machi 1927 kuichukua tena. Gari likapinduka kwa kasi, akafa hapo hapo. Wenzake hawakutaka mtu aliguse tena. Wakachimba shimo kwenye mchanga, wakalizika Babs.

Lilikaa chini ya mchanga miaka 42. Mwaka 1969 mhadhiri mmoja wa uhandisi huko Wales, Owen Wyn Owen, akapata ruhusa ya kulifukua. Nimeziona picha: limeliwa na chumvi, bodi linabomoka kama mkate mkavu. Akalitengeneza miaka mingi, mpaka injini ikawaka tena.

Kuhusu cheni, mwalimu wako anarudia walichoamini watu tangu siku ile, kwamba cheni ilikatika ikampiga kichwani. Lilipofukuliwa na kuchunguzwa, ushahidi ukaelekea kwenye gurudumu la nyuma la kulia lililovunjika. Mwambie tu kwa adabu.

Dada Spana:

Nimelisoma hili la Babs mara mbili. Nina swali ambalo sina jibu lake. Gari limeua mtu, wenzake wamelizika kwa mapenzi yao. Je, ilikuwa haki kulifukua? Na haya mengine, S76 na wenzake, si yangekaa makumbusho tu? Kila yakiwashwa kitu kinalika. Silinda ya 1911 ikipasuka hakuna pa kununua nyingine.

Fundi Lista:

Dada, swali lako linawagawa watu wa fani hii kila siku, na mimi nina upande.

Niliwahi kwenda makumbusho ya Brooklands kuiona Napier-Railton ya John Cobb. Hiyo ilijengwa 1933, mpya kabisa, siyo ya kuunganisha vyuma vya kale. Injini ya ndege ya Napier Lion, silinda 12 zimepangwa safu tatu kama unyayo wa kuku, karibu lita 24, farasi zaidi ya 500, na breki ziko magurudumu ya nyuma tu. Oktoba 1935 Cobb aliizungusha Brooklands kwa wastani wa kilomita 230.8 kwa saa. Uwanja ukafungwa 1939, rekodi hiyo ikabaki ya milele. Nilisimama kando yake karibu saa nzima. Alumini inang'aa, ina vijibonde vidogo vidogo, unaona mahali goti la dereva linapopita. Nilipenda. Lakini sikuielewa.

Niliielewa siku nyingine walipoitoa nje wakaiwasha. Mzee mmoja wa kujitolea, mwenye ovaroli, aliweka kiganja kwenye boneti kabla ya kila jambo, kama unavyomtuliza ng'ombe. Ilipowaka alikuwa anasikiliza, macho yamefumba. Akasema neno moja kwa mwenzake, yule akasogeza wenzo wa muda wa plagi kidogo tu, na mlio ukanyooka. Maarifa hayo hayaandikiki kwenye kibao cha makumbusho. Yanakaa kwenye masikio ya mtu anayeiwasha, na akifa kabla hajamsikilizisha mwingine yamekwenda naye. Baba yangu alikufa na maarifa yake ya Lista, nimebaki na machache.

Na kuhusu kununua silinda: S76 yenyewe ni jibu. Gari moja Fiat walilivunja, injini yake ikabaki. Jingine lilifika Australia, likavuliwa injini, likawekewa ya gari la Kimarekani la Stutz, likapata ajali. Mwingereza Duncan Pittaway akaileta chesisi kutoka Australia, akaikutanisha na injini ya lile jingine, kisha giaboksi, rejeta na bodi vikatengenezwa upya kwa kufuata michoro na picha za zamani. Novemba 2014 ikawaka. Wanaoweza kufanya hayo wanaweza kusubu silinda.

Kufukua Babs, hapo nakubaliana nawe kwamba ni zito. Mimi ningeomba ruhusa kwa familia, kisha ningechimba.

Mkaazi wa Thika:

Sikubaliani na kuchimba, lakini nimekusikia ndugu. Kwetu kaburi ni kaburi.

Dada Spana:

Hilo la kiganja kwenye boneti limenifika. Bosi wangu wa kwanza alikuwa anaweka bisibisi kwenye sikio na ncha yake kwenye bearing, anakuambia ni silinda ya ngapi. Nilikuwa nadhani anatuonyesha ujuzi tu.

Bwana Mdogo:

Fundi Lista, babu yangu ana Lista huku Ifakara na bado inasaga, Jumanne na Ijumaa. Sijawahi kumwomba aniruhusu kuiwasha, huwa nampelekea dizeli tu. Nimeongea naye sasa hivi kwa simu, nikamweleza habari ya dole gumba. Amecheka, kasema kumbe unajua. Ijumaa saa moja asubuhi nitakuwa pale. Nitarekodi sauti kuanzia hendeli mpaka gunia la kwanza niiweke hapa. Nimemwuliza kama kutakuwa na mahindi mabichi, anasema yapo.